Morrowind ya Mjomba

Tangu Aprili 2025, kampuni ya Bethesda ilipoitoa upya Oblivion ikiwa imenyooshwa sura na kupakwa rangi mpya, vijana wanaojua kwamba mimi ni mtu wa gemu za zamani wamekuwa wakinijia na swali hilo hilo: na ile iliyoitangulia, Morrowind ya 2002, bado inafaa kuchezwa, au ni ya kuachiwa wazee waipigie soga? Swali ni halali. Mtu ametoka kazini, ana saa zake mbili za usiku kabla ya kulala, na hataki kuzimwaga kwenye kitu ambacho labda sifa zake zimebaki vinywani mwa watu tu.

Jibu ninalo, nalo ni ndiyo. Ila ndiyo yangu ina masharti, na masharti yenyewe hayaeleweki mpaka nieleze ni nani aliyenichezesha, maana Morrowind niliyoicheza mimi Ukunda, sehemu yake kubwa haimo kwenye diski yoyote duniani.

Kwa asiyeijua: ni gemu ya kompyuta iliyotengenezwa Rockville, jimbo la Maryland, Marekani, na ni ya tatu katika mfululizo wa The Elder Scrolls. Unashushwa chomboni ukiwa mfungwa aliyeachiliwa, katika kijiji cha kinamasi kiitwacho Seyda Neen, kisiwani Vvardenfell. Unapewa barua umpelekee mtu fulani katika mji wa Balmora, halafu basi. Hakuna wa kukushika mkono. Ukitaka, nenda Balmora. Usipotaka, zunguka kisiwa ukichuma uyoga, ukiiba vijiko vya watu, ukijiunga na chama cha wachawi au cha wezi. Katikati ya kisiwa kuna Mlima Mwekundu, mlima wa moto unaotema majivu na maradhi, na kwa kila unayekutana naye wewe ni mtu wa kuja. Wenyeji hawakuonei haya kukuambia.

Mjomba wangu wakati huo alikuwa akiuza vinyago ufuoni Diani. Kijerumani alikipata mchangani, kama walivyokipata wenzake wengi, bila darasa wala kamusi: miaka ya kuwafuata wageni kuanzia hotelini hadi kwenye mwamba, akiwauzia twiga wa mti na safari ya Wasini. Kufikia mimi kuingia sekondari alikuwa akikisoma pia, magazeti waliyoacha wageni kwenye vitanda vya jua, na riwaya za mapolisi zilizovimba kwa maji ya bahari. Kwa Wadigo mjomba si mtu wa kupita. Zamani hata urithi ulipitia kwake, na ingawa sheria ya dini imebadilisha hayo, mazoea ya moyo hayakubadilika kwa kasi hiyo hiyo. Likizo zangu zilikuwa kwake.

Mwaka 2003 biashara yake ilisimama. Novemba ya mwaka uliotangulia hoteli ya Paradise kule Kikambala ilikuwa imelipuliwa, na Mei 2003 Uingereza ikasimamisha ndege zake kuja Kenya kwa wiki kadhaa. Siku zote mvua za masika zikianza hoteli za Diani hupunguza wafanyakazi, nyingine hufunga kabisa mpaka Julai. Mwaka ule ufuo ulikuwa mtupu hata kaa wakazidi wageni. Mzee mmoja Mjerumani aliyekuwa amepanga nyumba Diani kwa miaka aliamua kufunga virago, akauza vitu vyake, na vile visivyopata mnunuzi akamwachia mjomba. Ndivyo kompyuta ya mezani ilivyofika Ukunda juu ya mkokoteni, imefungwa kwa leso, pamoja na sanduku la gemu lenye ramani ya karatasi ndani. Kibodi yake ilikuwa ya Kijerumani: Z imekaa pale ambapo kibodi zetu zina Y, na pembeni herufi zenye vidoti kichwani. Gemu nayo ilikuwa ya Kijerumani, kila neno.

Hapa lazima ujue jambo moja kuhusu Morrowind, kwa sababu ndilo linaloamua kama itakufaa. Gemu hii haisemi sana. Watu wake wanakusalimu kwa sauti, wanakutukana kwa sauti, lakini mazungumzo yenyewe yote ni maandishi. Unamkabili mtu, linafunguka dirisha, unabofya jambo unalotaka kuuliza, naye anakujibu aya nzima. Ukisikia jina jipya katika jibu lake, unaweza kwenda kumuuliza mtu mwingine kuhusu jina hilo, naye akakupa maelezo tofauti. Kuna vitabu madukani na majumbani, mamia, na vinafunguka na kusomeka kurasa kwa kurasa. Mtu asiyesoma hachezi Morrowind. Anatembea tu ndani yake mpaka ndege wakali wa milimani wamchoshe.

Sisi tulikuwa na msomaji. Mjomba alikaa kwenye kigoda karibu na skrini, kikoi kiunoni, miwani aliyoazima kwa jirani ikiwa puani. Mimi kibodi, watoto wa majirani kwenye mkeka nyuma. Dirisha la mazungumzo likifunguka aliinua kiganja, maana yake nisiguse kitu, akasoma kimya huku midomo ikicheza. Kisha akageuka na kutueleza kwa Kiswahili, na mambo yakipamba moto kwa Chidigo. Aya ya Kijerumani ya mistari sita mara nyingine ilitoka kwake ikiwa hadithi ndefu, na hakuna aliyelalamika. Stima ikikatika aliendelea gizani na yale aliyokwisha kusoma.

Kuna jioni ya kutafuta kijisanduku. Jasusi wa pale Balmora, yule uliyempelekea barua, anakutuma kwa bwana mmoja aitwaye Hasphat Antabolis, naye kabla ya kukupa habari anakutaka umletee kisanduku cha chuma kutoka magofu ya Arkngthand. Ramani haikuonyeshi alama yoyote. Bwana yule anakueleza njia tu: toka mjini, pita ngome ya askari wa mfalme kwa upande wa mashariki, utafika daraja la kale lililo juu ya bonde la majivu, vuka, kisha panda kilima, mlango utaukuta umefungwa, ila karibu yake kuna bomba lenye mkono wa kuzungushia. Mjomba alipomaliza kusoma akacheka. “Huyu mtu wa Kinondo huyu,” akasema. “Ukishuka Kona ya Musa, pita mwembe uliopigwa radi, uliza kwa mama wa bajia. Sawa sawa.”

Tukaandika njia ile kwenye daftari la shule. Tukapotea mara kadhaa, tukarudi ngomeni kuanza upya. Daraja tulilivuka usiku wa gemu, dhoruba ya majivu imefunga kila kitu, mhusika wetu amekunja mkono mbele ya uso kama wanavyofanya wote upepo ule ukivuma. Mlango tuliuona kwa kubahatisha, tukalitafuta bomba kwa kupapasa. Na kisanduku kilikuwa juu ya rafu chumbani, kidogo, rangi ya kutu kwenye ukuta wa rangi ya kutu. Mtoto mdogo kuliko wote pale mkekani ndiye aliyekiona. Mkeka mzima ulisimama.

Oblivion, iliyotoka Machi 2006, ilileta mshale. Dira chini ya skrini inakuonyesha uende wapi, na mahali ulipokwisha kufika unaweza kurudi kwa kubofya ramani. Skyrim ya Novemba 2011 ikaufuata mtindo huo, na ndiyo iliyouzwa kwa makumi ya mamilioni. Sina ugomvi na mshale. Una hekima yake, hasa kwa mtu wa saa mbili za usiku. Ila mara tu mshale ulipokuja, waandishi wa gemu waliacha kazi ya kueleza njia. Hawakuwa na haja. Mtu anakuambia nenda pango fulani, hakuelezi liko wapi, kwa kuwa anajua umeshaliona kwenye dira. Ukizima mshale, ndani ya Skyrim umebaki kipofu. Kwa hiyo wanaosema Morrowind ni Skyrim iliyozeeka hawajazicheza zote mbili kwa makini. Moja iliandikwa ili usome, nyingine ilijengwa ili utazame.

Nisizidishe. Maelekezo mengine ya Morrowind yalikuwa na makosa ya wazi, mashariki ikaandikwa magharibi, na wachezaji wa baadaye walilazimika kutengeneza viraka vya kuyasahihisha. Hata hilo mjomba alikuwa na jibu lake: akasema watu wanaokuelekeza vibaya wapo kila nchi, na wengine wanafanya makusudi.

Lililotutenganisha na wachezaji wengine wote, naamini, ni makaburi. Vvardenfell imejaa makaburi ya koo, milango ya mawe iliyofichwa vilimani, na ndani yake kuna dhahabu, pete na silaha za marehemu. Kila mwongozo wa gemu hii utakuambia mwanzoni ingia humo ujipatie mali. Mjomba alikataa katakata. Alikuwa mtu wa swala tano, lakini pia alizaliwa karibu na Kaya Kinondo, msitu ambao huingii bila ruhusa ya wazee na kufungwa kitambaa cheusi, na ambao hutoki na kitu, hata kijiti. Tulipofungua mlango wa kaburi la kwanza na kivuli cha marehemu kikatusogelea, aliniambia nitoke. “Hao ni koma wa watu,” akasema. “Mmeingia kwao, wana haki ya kuwapiga.” Tukatoka, na tangu siku ile hatukuchukua hata kikombe kaburini. Tulicheza tukiwa maskini siku zote. Kaya za Wamijikenda ziliandikishwa UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2008. Kwa mjomba tangazo hilo lilikuja limechelewa, na halikumwongezea chochote.

Alipenda pia historia iliyomo. Moyo wa hadithi ni kifo cha shujaa wa kale aitwaye Nerevar, na gemu haikupi jibu moja la nani alimuua. Hekalu lina simulizi yake, watu wa jangwani wana yao, na ukikusanya vitabu unapata nyingine tena. Vijana wengi hukasirika hapo. Wanataka kujua ipi ndiyo ya kweli. Mjomba hakuona ajabu. Nyumbani kwa mamake ni Gazi, na Gazi ni mji wa Sheikh Mbaruk bin Rashid, Mmazrui aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 kisha akavuka mpaka kujisalimisha kwa Wajerumani. Katika kitabu cha Mwingereza ni mwasi. Kwa wazee wa Gazi inategemea unamuuliza nani, na babu wa anayesimulia alikuwa upande gani. Akatuambia gemu hii imeandikwa na mtu aliyewahi kukaa barazani akasikiliza.

Kompyuta haikufika mbali. Hewa ya chumvi ya Diani haina urafiki na chuma. Kwanza feni ikaanza kulia, kisha siku moja skrini ikabaki nyeusi, na fundi wa Ukunda akaifungua akatuonyesha kutu. Mlima Mwekundu hatukuufikia. Shule ikanichukua, mjomba akarudi kwenye vinyago, watalii wakarejea, wakaondoka tena mwanzoni mwa 2008 baada ya vurugu za uchaguzi. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zikatua Mombasa na intaneti ikashuka bei, saiba zikajaa kila kona ya Ukunda, halafu nazo simu zikaziua.

Nilipoanza kujitegemea nilinunua laptopu ya mtumba Mombasa, nikatafuta Morrowind, safari hii kwa Kiingereza. Nilikuwa na hamu ya kumaliza tulichokiacha, na ya kukutana tena na wale watu. Wengi sikuwakuta.

Caius Cosades, jasusi wa Balmora unayempelekea barua, kwetu alikuwa mkuu wa wilaya aliyeshushwa cheo kwa sababu ya mwanamke. Mjomba alitupa hadi jina la mwanamke. Katika Kiingereza hakuna mwanamke. Kuna mzee asiyevaa shati, chumba kimoja, na juu ya meza kuna kiko. Kiko kile tulikiona wote siku ya kwanza na tukauliza. Mjomba akajibu kwamba mzee ana pumu, hiyo ni dawa yake. Kumbe Caius ni mlevi wa sukari ya mwezi, dawa ya kulevya ya humo, na gemu inasema hivyo waziwazi. Miaka hiyo unga ulikuwa umeshaingia Ukunda na Diani, na wawili katika waliokaa kwenye mkeka ule walikuwa na ndugu waliokuwa wakipotea. Sijui kwa Kijerumani aya ile inasomekaje, lakini nadhani najua kwa nini aliiruka.

Makanga wa wale wadudu wakubwa wanaobeba abiria kutoka mji hadi mji, kwetu alikuwa mwanamke mwenye maneno ya steji ya Likoni, akikupigia kelele upande upesi nafasi ni moja. Kwenye Kiingereza anakutajia bei, na miji anayokwenda, basi. Vivuli vya makaburini, ambavyo mjomba alivitajia nasaba zao hadi babu wa saba, kumbe havisemi neno. Vinakushambulia tu.

Niliwahi kumkasirikia kidogo kwa hilo. Halafu nikafika kwenye utabiri. Watu wa jangwani wana utabiri kwamba Nerevar atazaliwa upya, na katika gemu nyingi za aina hii ungeambiwa mapema wewe ndiye mteule, simama ushike upanga. Mjomba alikuwa amelikataa jambo hilo kwa sababu za kidini: hakuna ajuaye ghaibu ila Mwenyezi Mungu, kwa hiyo alitusimulia kwamba sisi ni mtu wa kawaida ambaye serikali imemtuma kwa kuwa tarehe yake ya kuzaliwa inafaa kudanganyia watu. Nikadhani hilo nalo ni lake. Nikalikuta. Mfalme wa mbali amesoma utabiri, akamtafuta mfungwa ambaye sifa zake zinafanana nao, akamtuma kisiwani aone kama wenyeji watakubali. Kama wewe ndiye kweli, au umekuwa ndiye kwa sababu ya kufanya kila kitu ambacho angefanya, gemu inakuachia uamue. Miongoni mwa yote aliyoongeza na kupunguza, lile lililo gumu kuliko yote alikuwa amelisoma sawasawa.

Nikaendelea hadi mwisho. Mlimani anakungoja adui mkuu, Dagoth Ur, naye kabla ya kupigana anakuuliza maswali, na anajibu yako. Anakueleza kwa nini anafanya anayoyafanya. Nimecheza gemu nyingi tangu siku ile na bado ni nadra kukuta adui anayekukaribisha mazungumzo kwa adabu ya mwenyeji.

Sasa kasoro, kwa sababu yeyote atakayeianza leo atakutana nazo kabla ya uzuri wowote. Unatembea kama mgonjwa. Unamkabili panya, unampiga kwa upanga, unaona kwa macho yako chuma kikipita katikati ya mwili wake, na gemu inaamua umekosa. Hesabu za siri ndizo zinazopiga, si mkono wako: ustadi wako wa silaha ile, na pumzi uliyobakiza. Ukifika vitani umetoka mbio, pumzi imeisha na hupati chochote. Hili mjomba alilijua bila mwongozo, akinikataza kukimbia ovyo. Sura za watu zimechongwa kwa shoka. Shajara inaandika mambo kwa mfuatano wa siku bila mpangilio, na ukitaka kujua kazi gani umeiacha nusu, heri daftari. Ndege wa milimani wanakuandama hata unachukia mbingu.

Na kuna ukungu. Kompyuta za 2002 hazikuweza kuchora mbali, kwa hiyo kila kitu nje ya hatua chache kilifunikwa na ukungu. Leo ipo OpenMW, programu ya bure iliyoandikwa na watu wanaojitolea, inayoiendesha Morrowind juu ya mashine za kisasa, nayo inakuruhusu kuufukuza ukungu mpaka upeo wa macho. Nilijaribu. Nikasimama Seyda Neen, nikatazama kaskazini, nikaona Balmora iko pale tu. Mlima Mwekundu uko pale tu. Kisiwa tulichokivuka kwa likizo nzima kinaonekana chote kwa mpigo mmoja, na ni kidogo. Nikaurudisha ukungu usiku uleule.

Mtoto wa dada yangu anakaa nami Ukunda siku hizi. Anacheza mpira na Free Fire kwenye simu. Aliona video za Oblivion mpya akaitamani. Nikamwambia inataka zaidi ya gigabaiti 100 za nafasi na kompyuta ya bei ya ng'ombe kadhaa, tuanze na hii. Alivumilia panya, alivumilia hata kutembea. Kilichomshinda ni maneno. Nikaona basi, zamu yangu ya kuwa mjomba imefika, nikaketi kando yake nikamsomea kwa Kiswahili, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Alisikiliza kwa heshima. Baadaye akaniambia, “Mjomba, unasoma kama taarifa ya habari.” Alisema kweli. Nina Kiingereza kingi kuliko Kijerumani alichokuwa nacho mjomba wangu, na sina hata robo ya mdomo wake.

Mjomba wangu mwenyewe yuko Msambweni, kwenye minazi na mikorosho ya familia. Ufuo aliuacha wageni walipopungua tena miaka ya 2014 na 2015, na hakurudi. Nilimpelekea laptopu siku moja, macho yake yamefifia lakini masikio yapo. Muziki wa mwanzo ulipoanza akautambua, ule uliotungwa na Jeremy Soule, akaupiga mluzi hadi mwisho. Nilimuuliza kuhusu mwanamke wa Caius. Akasema hakumbuki mwanamke yeyote, kisha akaniuliza kama hatimaye tuliingia makaburini. Nikamwambia nimemaliza gemu yote bila kugusa kaburi hata moja. Akasema vizuri, akataka kujua bei ya korosho Ukunda.

Tulizungumza pia kuhusu maelekezo ya njia. Hata huku kwetu yameanza kutofaa. Mwembe wa radi umekatwa, mama wa bajia amefariki, na viwanja vya Diani vimezungushiwa kuta ndefu zinazofanana. Vijiji vya Maumba na Nguluku vilihamishwa kupisha mgodi wa titani, na mgodi wenyewe ukafunga kazi Desemba 2024. Mtu akikuelekeza huko kwa kutaja boma la fulani anakuelekeza kwenye udongo uliopinduliwa. Siku hizi hata bodaboda anataka umtumie lokesheni. Nami ninaituma.

Basi, kwa walioniuliza. Morrowind bado inauzwa, dola 15 hivi, na mara nyingi chini ya hapo. Kompyuta yoyote dhaifu inaiweza. Weka OpenMW, acha ukungu ulivyo, chukua daftari na kalamu, chagua silaha moja na ushikamane nayo, usifike vitani ukiwa umekimbia. Usitafute majibu mtandaoni mpaka uwe umepotea kweli. Na usiicheze peke yako, kama unaye mtu mwenye mdomo. Mweke kando yako asome, na akiongeza chumvi mwache. Asipopatikana, na kusoma mwenyewe kukakuchosha, sitakulaumu ukinunua Oblivion mpya na kufuata mshale. Ni gemu nzuri. Akipatikana, anzeni na Morrowind wikendi hii.